Mhola ya Kwenye Simu

Kabula mwanangu,

Umetoka sasa hivi na mwanao Minza kwenda kusukwa sokoni, na nyumba imenyamaza mpaka nasikia kuku wakiparua majani ya mahindi huko nje. Nimeona nitumie nafasi hii. Nikingoja mrudi nitaanza kukuuliza habari za sweta na dawa za malaria, nawe utanijibu, "Mama, nimeshaweka," na tutakwenda kulala bila kuwa tumesemezana. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la saba, vumilia. Nitakupa jioni hii hii usome peke yako. Usinijibu leo.

Mambo ya begi nimeyaacha. Mambo ya barabara pia siyawezi, mimi hata baiskeli inanishinda. Barabara alikufundisha baba yako kwenye lile Fuso la kubebea pamba, na chuo kikamalizia. Mimi nataka kukueleza upande wa huku, wa wanaobaki nyumbani. Huo ndio nilioishi.

Mjomba wako alikuja wiki hii kunisema, wewe ukiwa kwa rafiki zako. Alikaa pale kwenye benchi akaanza: "Dada, unamwacha mtoto wa kike aendeshe semitrela mpaka Kongo? Nani atakuja kumuoa?" Nikamwambia, "Mimi niliolewa, na mume sikumwona." Akanywa uji wake akaondoka. Sikusema vile kwa kumtukana marehemu baba yako. Ilinitoka tu. Lakini tangu siku ile nimekuwa nawaza, na ndiyo maana nimekamata kalamu.

Ulipozaliwa, baba yako alikuwa ameshaanza safari za Lubumbashi. Anapakia bandarini Dar es Salaam, anapita Iringa, Mbeya, anavuka mpaka pale Tunduma, anaimaliza Zambia yote, anashusha Kongo, anageuza. Nyumbani kwetu Nkoma alikuwa anakuja kama mvua ya mwaka mbaya, unaambiwa ipo njiani na haifiki. Alipotuletea simu nilidhani shida imekwisha. Nilishona kamfuko ka kuivaa shingoni, nikawa nalima nayo, nasenya kuni nayo. Simu ikiita, wewe na mdogo wako mnaacha kila kitu mnakimbia. Na mazungumzo yenyewe, Kabula, yalikuwa hivi:

"Mhola?"

"Mhola duhu."

"Watoto?"

"Mhola."

"Ng'ombe?"

"Mhola."

"Haya."

Basi. Hali ni njema, hali ni njema tu. Kisukuma chetu kimetupa neno zuri la kuitikia salamu, na mimi na baba yako tukalifanya ukuta wa kujifichia. Mimi nilikuwa najiambia: huyu mtu ameshika usukani wa gari kubwa kuliko nyumba, nikimwambia mtoto ana homa atawaza homa badala ya kona. Mama mkwe wangu ndiye aliyenifundisha hivyo, na wake wengine wa madereva walisema hivyo hivyo. Kwa hiyo homa zenu zote zilikuwa mhola. Ng'ombe walipokufa kwa ugonjwa ilikuwa mhola. Nilipoharibikiwa mimba ile kati yako na mdogo wako, nililala kwa Mama Limbu jirani yetu, simu ikaita, nikaipokea nikiwa nimelala, nikasema mhola duhu.

Sasa nikueleze habari ya nyumba iliyoanguka. Nyie kwenye familia huwa mnaisimulia kama kichekesho, ya kwamba Kabula alimkimbia baba yake. Na mimi hucheka na nyinyi. Lakini haikuwa kichekesho.

Mwaka ule mvua ilinyesha bila kupumzika. Nyumba yetu ilikuwa ya tofali mbichi, unakumbuka, na ukuta wa nyuma ulikuwa unakunywa maji kuanzia chini. Mchana mmoja nikiwa nakoroga ugali nikaona udongo unamwagika sufuriani. Nikawashika nyie wawili tukatoka. Wewe ulikuwa umejifunika kanga yangu kichwani kwa ajili ya radi, ulikuwa unaogopa radi kupita kiasi. Tulisimama kwenye mvua tukaiangalia. Ukuta wa nyuma ulilala kwanza, paa likafuata, kisha mbele yote. Hatukuokoa hata kitanda. Mama Limbu akaja na watoto wake kutuchukua, tukahamia kwake nyuma ya kile kilima.

Siku iliyofuata baba yako akapiga akiwa kwenye foleni ya mpakani. "Mhola?" Nikamwambia mhola duhu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa watu, nimevaa gauni la Mama Limbu. Akasema, "Naona mvua ni kubwa huko, redio imetangaza." Nikasema, "Ni kubwa, lakini pamba itapata maji." Akacheka. Akapiga tena na tena katika wiki zile, na mimi nikajibu vile vile. Nilijipanga kwamba akikaribia kuja nitamwambia taratibu. Yeye naye, kwa kutaka kutushangaza, hakusema kwamba anakuja.

Alishushwa barabarani na gari la samaki lililotoka Lamadi, asubuhi, jua linachomoza. Akatembea na begi lake na godoro la sponji alilotununulia akiwa amelibeba kichwani. Akakuta pale penye nyumba pana lundo la udongo na majani yameshaanza kuota juu yake. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Mwanangu, baba yako aliamini tumo mle ndani. Aliniambia baadaye kwamba alianza kufukua kwa mikono. Alikuta sufuria, akakuta kiatu chako. Akakaa chini.

Wewe ulikuwa umetumwa maji. Ukamwona mwanamume amejaa matope, analia kwa sauti. Ukatupa ndoo ukarudi mbio kwa Mama Limbu unaniita mama yako kwa kelele, "Mayu! Kuna mgeni analia kwenye nyumba yetu!" Mgeni. Nilijua hapo hapo ni nani. Nilikimbia kile kilima sijui kwa miguu gani. Aliponiona hakusimama. Aliniangalia kama mtu anayesubiri nipotee. Nikamshika bega, nikasema, "Wote wapo. Wote ni wazima." Akasema kwa sauti ndogo, "Uliniambia mhola."

Hakunigombeza wala siku ile wala baadaye. Alikaa, akatujengea, akaenda. Lakini usiku wa kuamkia kuondoka aliniambia maneno ambayo sijawahi kuwaambia nyie. Alisema, "Kuanzia sasa, kila ukiniambia mhola nitaona kuta zimelala." Na kweli ikawa. Akipiga anauliza mara mbili mbili, "Kweli? Niitie Kabula nimsikie. Niitie mdogo wake." Na mimi, badala ya kuanza kumwambia ukweli, nilikasirika kwamba haniamini. Tukaendelea hivyo. Wewe ukaanza shule, ukamaliza, tukahamia hapa Bariadi, na mazungumzo yetu bado yangeweza kuandikwa kwenye kiganja.

Kuna jambo nililigundua miaka hiyo. Alikuwa akifika katikati ya maongezi anasema, "Mtandao unakata, nitapiga baadaye." Mtandao ulikuwa haukati. Nilikuwa nasikia jogoo wa huko aliko, nasikia magari yakipita, namsikia hata anavyopumua. Maneno ndiyo yalikuwa yamekwisha. Na mimi nilishukuru, kwa sababu yangu pia yalikuwa yamekwisha. Nilikuwa nakata simu, nakaa nayo mkononi, najihisi kama mtu aliyekwenda kisimani na kurudi na ndoo tupu, na bado ana kiu.

Watu wanadhani upweke wa mke wa dereva ni kitanda. Kitanda unakizoea. Mimi nilionja upweke wenyewe baba yako aliporudi moja kwa moja, macho yalipoanza kumsumbua akaacha kuendesha. Wewe ulikuwa umeshakuwa msichana mkubwa, uliona mwenyewe. Nilikuwa nimengojea siku ile tangu nikiwa binti. Akaja na begi, akaliweka sebuleni, na lile begi likakaa sebuleni mpaka mavuno. Hakujua sukari inakaa wapi. Alikuwa anabisha hodi kwenye nyumba yake. Akiingia, wewe na mdogo wako mnashusha sauti. Anaamka kabla ya jogoo, anazunguka nyumba akizigonga kuta kwa mguu kama anapima matairi, halafu anakaa kwenye kiti anaangalia barabara. Nami nampitia na ufagio, nasema, "Samahani." Kabula, nilikuwa namwambia mume wangu samahani kama abiria wa kwenye basi.

Nilikuwa nakwenda nyuma ya jiko kulia. Nilimkumbuka baba yako, na yeye yuko sebuleni.

Kilichotusaidia ni pamba. Mwaka ule vibarua walikuwa adimu, nikamwambia twende Nkoma tukavune wenyewe. Nilidhani atakataa kwa ajili ya macho. Akasema pamba ni nyeupe, ataiona. Tukawa tunaondoka mimi na yeye, nyie mnabaki. Tunainama, kila mtu na mstari wake. Hakuna kuangaliana usoni. Nadhani hilo ndilo lililomfungua. Siku moja, bila kuulizwa, akasema, "Kuna mteremko baada ya Mbeya, nilikuwa nikiuona tu nazima redio na kuanza kusali." Akanieleza mteremko wote. Akanieleza rafiki yake aliyemalizikia pale mbele yake, breki zimekataa, na yeye nyuma hana la kufanya ila kupiga honi. Jioni ya ajali ile alinipigia simu. Nakumbuka hakuuliza ng'ombe. Alisema mhola, nikasema mhola.

Na mimi nikamweleza ile mimba. Niliendelea kuchuma huku naeleza. Nilisikia mikono yake imesimama.

Tuliendelea hivyo karibu msimu mzima, leo yake, kesho yangu. Ndipo nikapata ujasiri wa kuuliza kile ambacho wanawake wa hapa walikuwa wakininong'oneza miaka yote. Nikasema, "Na wanawake wa njiani?" Alichuma pamba mbili tatu kwanza. Kisha akasema, "Kulikuwa na mama mmoja pale Tunduma, ana mgahawa. Foleni ikiwa ndefu nilikuwa nakaa kwake. Nilikuwa namweleza habari zenu." Nikamuuliza, habari gani? Akasema, "Zote. Anajua majina yenu. Anajua habari ya nyumba iliyoanguka."

Unaona, sikuuliza zaidi ya hapo, na mpaka leo sijui zaidi ya hapo. Kama alilala kwake au hakulala, nimeliacha. Kilichonichoma ni yale maneno. Maneno niliyoyangojea na simu shingoni, mtu mwingine alikuwa akipewa pamoja na sahani ya wali. Nilichuma mpaka mwisho wa mstari wangu, nikapita, nikaenda kukaa barabarani. Nilikaa huko mpaka jua likapungua. Alikuja na magunia yote mawili, akayaweka, akakaa mbali kidogo. Akasema, "Yeye hakuwahi kuniambia mhola. Akiwa na shida anasema ana shida." Nilitaka kumpiga. Halafu nikaona amesema kweli.

Tulipata miaka michache mizuri baada ya hapo. Michache, lakini ilikuwa yetu. Ndiyo miaka uliyotukuta jioni tunacheka jikoni ukatuuliza, "Nyie wazee mna nini?" Ndiyo miaka aliyokufundisha Fuso, anakaa pembeni hata haoni vizuri, anasikiliza injini na kukuambia, "Umechelewa gia." Kifua kikaja kikamchukua, na hilo ulikuwepo.

Jambo ambalo hukuwepo ni hili. Baada ya matanga, watu wameondoka, nilichukua simu yake nikatafuta jina la yule mama wa Tunduma. Nikampigia. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka kumtukana. Akapokea, nikasema, "Mimi ni Mama Kabula." Akasema, "Najua, dada." Nikamwambia amefariki. Akalia, nami nikalia, gharama ya simu inakwenda. Halafu akaniuliza, "Na yule Kabula anayeogopa radi, anaendeleaje?"

Mwanangu, mimi sikuwahi kumwambia baba yako kwenye simu kwamba unaogopa radi. Hata mara moja. Aliliona mwenyewe kwenye zile siku chache chache alizokuwa anakuja, akiwa mgeni kwako, akalibeba mpaka mpakani. Alikuwa anatuona. Tulikosa namna ya kuambizana.

Nimekuandikia haya yote kwa sababu ya Minza. Baba yake Minza sitamtaja, umeshamaliza naye. Wewe ndiye utakayekuwa baba wa njiani na mama wa kwenye simu kwa pamoja, nami nitarudia kazi yangu ya zamani, ya kubaki. Sikuficha kwamba nilinuna uliposema umepata gari. Niliogopa barabara, ndiyo. Lakini zaidi niliogopa kurudia kuvaa simu shingoni.

Kwa hiyo hivi ndivyo nitakavyofanya mimi. Minza akiwa na homa nitakuambia ana homa, hata uwe katikati ya Zambia. Utapaki pembeni, utalia kama ni kulia, utanawa, utaendesha. Wewe ni dereva, una breki. Ukuta ukianza kulegea nitakuambia kabla haujaanguka. Nikiwa nimechoka na mtoto wako nitasema nimechoka, na usidhani nimekuchoka wewe.

Na wewe unisimulie. Siyo lazima yawe makubwa. Niambie umekula nini, nani amekutazama vibaya kwenye mizani, wanaume wa foleni wamesemaje walipoona anayeshuka ni mwanamke. Ukiogopa mteremko, niambie unaogopa. Sitakuambia urudi. Maneno yakikwisha, usiniambie mtandao unakata. Acha simu wazi, tukae hivyo hivyo, nisikie magari ya huko nawe usikie kuku wa hapa.

Ukipata mtu wa kukupikia njiani na kukusikiliza, mshukuru Mungu, hakuna binadamu anayeweza kukaa peke yake kwenye kichwa cha gari miezi yote. Ila usimmalizie yeye maneno yote. Mtunzie na Minza.

Nimebakiza jambo la kesho, la kuondoka kwako.

Baba yako alikuwa anaondoka nyie mmelala. Ni mimi niliyempangia hivyo, kwa sababu mara ya kwanza ulipomwona anaondoka ulilia mpaka ukatapika. Nikasema tusiwatese watoto. Basi asubuhi ukiamka ulikuwa unamtafuta. Unaangalia chumbani, unaangalia chooni, unakwenda mpaka zizini. Hukuuliza chochote. Ukishamaliza kuzunguka unakuja kukaa jikoni karibu nami. Nilijisifu nikisema, Kabula ni mtoto mwelewa. Baadaye ukawa ukijua baba yupo unakataa kulala, unayashikilia macho kwa vidole yasifumbe. Mama Limbu alinieleza kwamba unamlinda baba yako asiondoke, nikacheka. Ulikuwa mtoto mdogo unalinda zamu, nami nilicheka.

Jana, ukiwa unaoga, Minza aliniuliza, "Bibi, mama akiondoka nitakuwa nimelala?" Nilimpa kiazi.

Nimeshaamua. Kesho nitamwamsha mwenyewe, kabla hujavaa viatu. Nitamnawisha uso, nitamvalisha sweta, tutakwenda wote mpaka stendi, na ataona basi lenyewe la kukupeleka Dar es Salaam kuchukua gari, ataona na kiti utakachokalia. Atalia. Watu watatuangalia, yule konda atasema mama mtoe mtoto, na wewe utatamani niwe nimemwacha amelala. Usigeuze uso. Fungua dirisha umtazame anavyolia, na wewe akuone unavyolia, ajue siyo yeye peke yake.

Basi likishapinda, mimi na yeye tutarudi kwa miguu. Atauliza umefika wapi. Nitamwambia ukweli, kwamba sijui, tutakupigia tukuulize.

Mama yako anayebaki hapa.